Mtoto wa Mwezi wa Sita: Barua ya Wazi Kuhusu Ustawi wa Familia Nyanda za Juu Kusini

Kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Makatibu Tawala wa Mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe. Wakurugenzi wa halmashauri na waheshimiwa madiwani wa mikoa hiyo.

Yah: Kasma (fungu la bajeti) ya ufuatiliaji wa mashauri ya watoto na familia

Waheshimiwa,

Taarifa ya robo mwaka ya ustawi wa jamii inapofika mezani kwenu huonyesha mashauri mangapi yamepokelewa, mangapi yamesuluhishwa na mangapi yamepelekwa polisi au mahakamani. Ni tarakimu nzuri za kusoma kikaoni. Hazisemi mtoto aliyeletwa ofisini Januari alikuwa analala wapi ilipofika Julai. Sisi tunaoandika barua hii tunafanya kazi ya ustawi katika halmashauri, hospitali na vijiji vya mikoa hii mitatu, na taarifa hizo tunazijaza kwa mikono yetu. Tunaomba jambo moja: fedha na hesabu ya kumfuata mtoto baada ya ile siku ya kwanza, hadi mwezi wa sita tangu aletwe.

Hatuji kulalamikia sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutosha. Imemtaja mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, imemtwika kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa anapojua haki ya mtoto inavunjwa, na imeipa halmashauri wajibu wa kumlinda. Kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zimekuwepo kuanzia kijiji hadi mkoa tangu awamu ya kwanza iliyoanza 2017/18, na sasa tuko awamu ya pili. Madawati ya Jinsia na Watoto yapo polisi. Namba 116 ya kutoa taarifa za watoto inapigwa bure. Kwa hiyo mtoto anafika. Akishafika, anaandikiwa faili, na faili linalala.

Tuanze na matunzo, kwa kuwa ndilo shauri linalojaza mabenchi ya ofisi zetu. Mama amekuja na watoto wawili. Baba amekwenda Chunya kwenye dhahabu, au yupo kijiji cha pili kwa mke mwingine. Afisa anaandika barua ya wito, na kosa la kwanza linatokea hapo hapo: kwa kuwa hakuna wa kuipeleka, barua anakabidhiwa mama mwenyewe. Aende nayo kwa mtu anayemlalamikia. Wako wanaopigwa, wako wanaochaniwa barua mbele ya macho yao, na wako wasioipeleka kabisa. Baada ya miezi miwili shauri linafungwa kwa maneno matatu: mlalamikaji hakuonekana tena. Wito unatakiwa upite kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, mpokeaji asaini kwenye daftari, na nakala irudi ofisini ndani ya siku saba. Ila mtendaji naye atahitaji nauli ya bodaboda kufika kitongoji cha mbali, na nauli hiyo haijaandikwa popote.

Baba akija, kikao kinafanyika, naye anaahidi sh. 50,000 kwa mwezi. Mara nyingi anaahidi kwa sababu ya kuogopa meza, na aliye mezani anaandika kwa sababu ya foleni iliyoko nje. Sheria inataka kiwango cha matunzo kiangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea mlipaji, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Gharama na kipato cha kwetu havitembei kwa mwezi. Mkulima wa viazi wa Makete anashika fedha anapovuna. Mpasua mbao wa Mufindi anashika fedha kazi ya msituni inapokuwepo. Kibarua wa chai anapimiwa kilo alizochuma. Mtu wa namna hiyo ukimpangia malipo ya tarehe 30 kama mwalimu mwenye mshahara, atavunja ahadi mwezi wa tatu hata kama ana nia njema, na ofisi itamwita mkaidi.

Makubaliano yanayodumu huku kwetu ni yale ya mchanganyiko. Sehemu ya chakula ipimwe mavuno yanapotoka, Juni hadi Agosti, kabla mahindi hayajauzwa. Ukikadiria gramu 300 za unga kwa mtu kwa siku, mama na watoto wawili wanamaliza kilo 27 kwa mwezi, yaani debe moja na nusu. Kwa mwaka ni debe 18, magunia matatu ya debe sita. Yaandikwe kwa kilo na yakabidhiwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, maana neno gunia peke yake ni mtego: kwa mnunuzi wa viazi gunia ni lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, kwa mama wa matunzo gunia hilo hilo linafika halijajaa. Sehemu ya fedha iwe ya sare, madaftari na matibabu, ipangiwe tarehe zinazofuata mauzo ya mlipaji, na itumwe kwa simu kwenye namba iliyotajwa ndani ya makubaliano ili alama ya malipo ibaki. Nakala ziwe tatu. Na pawepo mstari unaosema malipo yakichelewa kwa siku 14, shauri linakwenda mahakamani bila kikao kingine cha kubembelezana.

Mstari huo una sababu. Makubaliano ya ofisi ya ustawi hayana nguvu ya amri ya mahakama, na walipaji wengi wamekwisha kulijua hilo. Habari za vijiweni husafiri haraka kuliko semina. Shauri likifika mahakamani, hakimu anaweza kumtaka afisa ustawi alete taarifa ya uchunguzi wa kijamii: nyumba ya mama ikoje, ya baba ikoje, mtoto mwenyewe anasemaje, mwalimu wake anasemaje. Taarifa hiyo haiandikwi bila kufika nyumba zote mbili. Pikipiki ikikosa mafuta, inaandikwa kwa simu, ukiwa umekaa. Hakimu anaamua malezi ya mtoto kwa karatasi ya mtu ambaye hajauona mlango wa nyumba hiyo. Tunasema hivi tukijua nani anaziandika.

Kwenye ndoa zinazovunjika kuna tatizo la karatasi linalotibika kwa nusu siku ya mafunzo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kufungua shauri la talaka kabla halijapita baraza la usuluhishi wa ndoa, isipokuwa kwa sababu maalumu, na cheti cha baraza kisiwe kimetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Mabaraza mengine hutoa barua ya kawaida badala ya fomu inayotakiwa, au huandika mmeshindwana na kugonga mhuri bila kueleza lililojadiliwa. Mama anauza kuku apate nauli, anafika mjini, karani anamrudisha. Akirudi na karatasi sahihi, miezi sita imepita.

Sasa tuhesabu gharama ya mguu. Chukueni kijiji kilicho kilomita 60 kutoka makao makuu ya halmashauri. Kwenda na kurudi ni kilomita 120. Kwa barabara zetu za milima pikipiki hula lita moja kwa kilomita 30 hivi, kwa hiyo lita 4. Kwa bei ya sh. 3,000 kwa lita ni sh. 12,000. Ongezeni oili, matairi, muda wa maongezi na chakula cha mtu atakayeshinda njiani, tufikishe sh. 20,000. Mtoto mmoja anahitaji kuonekana mara nne: wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Ni sh. 80,000. Halmashauri ikiwa na mashauri mazito 150 kwa mwaka, jumla ni milioni 12. Safari zikipangwa kwa tarafa, nyumba mbili au tatu kwa siku moja, zinashuka hadi milioni 6 hivi. Kikao cha wadau 40 kwa siku mbili, hata ukikadiria posho na chakula kwa sh. 70,000 tu kwa mtu kwa siku, kinameza milioni 5.6. Wadau wanatoka na mabegi na maazimio. Nyumba hazijafikiwa.

Wakati wa kutoa fedha ni muhimu kama fedha zenyewe. Mvua zetu huanza Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Fedha inayotolewa Machi inakuta barabara za Ludewa, Makete na Kilolo ni tope. Inayotolewa Juni inakuta mwaka wa serikali unafungwa, na matumizi yake yanakuwa ni kununua karatasi na wino. Ziara za wiki ya kwanza hazina msimu, hizo zifanyike hata kwa miguu. Zile za kawaida zipangwe Julai hadi Oktoba, na fedha zake zitoke robo ya kwanza na ya pili.

Ziara yenyewe si kupiga hodi na kusaini kitabu cha wageni. Mtu anayejua kazi anatazama mtoto analala wapi na nani, ana blanketi au hana (Njombe mwezi wa Julai hilo si swali la adabu), jiko limewashwa lini, kadi ya kliniki ina alama ya mwisho ya mwezi gani, madaftari yana tarehe za karibuni au yamesimama. Anazungumza na mtoto peke yake, mahali ambapo watu wazima hawasikii. Njia nzuri ni kumsindikiza kisimani au kumwomba aonyeshe shule ilipo. Halafu anapita kwa jirani na kwa mwalimu. Siku ya mnada isichaguliwe, nyumba zinakuwa tupu. Na ziara moja kati ya nne isitangazwe. Saa moja inatosha nyumba moja, saa mbili kama kuna ugomvi.

Mtatuuliza, mbona hakuna kazi ya serikali isiyoomba kasma yake. Ni kweli. Lakini mfano wa kufuata mnao wenyewe. Lishe ilipata mkataba: wakuu wa mikoa walisaini, halmashauri zikatakiwa kutenga sh. 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani, na utekelezaji ukawa unapimwa na kujibiwa mbele ya watu. Fedha hiyo haitoki yote kila mahali. Lakini isipotoka kuna mtu anaulizwa, na hilo tu limeibadilisha kazi ya afisa lishe. Kwenye ustawi wa familia hakuna anayeulizwa.

Na hiyo lishe yenyewe haitafika mbali bila sisi. Kwa utafiti wa mwaka 2022, udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 56.9 Iringa na 50.4 Njombe, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Hii ni mikoa inayolisha mikoa mingine. Njaa peke yake haielezi. Mama anatoka alfajiri kwenda kwenye chai, viazi au parachichi. Mtoto wa mwaka mmoja anaachwa na dada yake wa miaka saba, anakula mara mbili, tena uji wa mahindi matupu, wakati umri ule unataka milo mitatu hadi minne. Afisa lishe amefundisha uji wa mchanganyiko wa karanga na soya, na mama ameuelewa vizuri. Nani amezungumza na baba kuhusu fedha ya karanga inayoishia kwenye ulanzi, pombe ya mianzi? Nani amekaa na mwenye shamba la vibarua 60 kumweleza kwamba kibanda, mkeka na mama mmoja wa kuangalia watoto vingempunguzia wachumaji wanaokimbia nyumbani saa sita? Hiyo ni kazi ya ustawi, na haifanyiki ofisini.

Mashauri ya ukatili wa kingono yana saa zake. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Katika utafiti wa 2022/23, maambukizi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, dhidi ya 4.4 kitaifa, kwetu kila saa ina uzito. Kinachotokea ni hiki: mtoto anaogeshwa, nguo zinafuliwa, baba mkubwa anaitisha kikao cha ukoo, na siku ya nne ndipo wanakwenda polisi kuomba PF3, fomu ya kwenda nayo hospitali. Kila mtendaji, mwalimu na mwenyekiti wa kitongoji ajue mambo manne: mtoto asiogeshwe, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki unyevu huharibu ushahidi, apelekwe hospitali bila kusubiri mtu yeyote, na hospitali isimrudishe kwa kukosa fomu, polisi wajulishwe siku hiyo hiyo.

Hayo ndiyo semina nyingi hufundisha, na ni sawa. Kinachoua mashauri haya kiko mbele zaidi, kwenye kuahirishwa. Shahidi ni mtoto na mama yake. Nauli ya kwanza wanaipata, ya pili wanakopa, ya tatu wanauza debe la mahindi. Mara ya nne hawaji, na mtuhumiwa anatoka kwa kukosa mashahidi. Katikati ya tarehe hizo watu wamekuja na ndama na fedha kidogo, wakisema tuyamalize kindugu. Mama anayekubali si lazima awe mbaya: mtuhumiwa ni shemeji anayemlimia, na ofisi iliyomwambia asimame imara haijakanyaga kwake tangu siku ya PF3. Baadhi ya kamati za MTAKUWWA za vijiji zimewahi kuketi zikasuluhisha makosa ya namna hii. Ziandikieni barua, kwa lugha nyepesi, kwamba kubaka na kulawiti mtoto havina usuluhishi, na mjumbe atakayesimamia malipo ya kumaliza shauri atachukuliwa hatua. Halafu tengeni nauli za mashahidi watoto. Milioni 4 kwa mwaka zingelipa nauli ya watu wawili, sh. 20,000 kwa mtu kwa kila tarehe, kwa tarehe 100 za mahakama.

Sifa ya mikoa yetu huko mijini ni wasichana wa kazi. Mtu wa Dar es Salaam anampigia ndugu yake simu, "Nitafutie binti wa Iringa," kama anayeagiza debe la maharage. Msimu wake unajulikana: baada ya mtihani wa darasa la saba Septemba, na Krismasi, ndugu wanaporudi nyumbani na nguo nzuri. Anayekuja kumchukua binti ni shangazi au jirani, na ahadi ni cherehani au shule ya mjini. Sheria ya Mtoto hairuhusu ajira chini ya miaka 14, na kuanzia hapo ni kazi nyepesi tu isiyomharibia masomo. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inamgusa dalali moja kwa moja. Kuzuia huanzia kwa mtendaji wa kijiji, na zana yake ni daftari: jina la msichana, umri kwa kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, jina na simu ya anayempokea, mtaa anaokwenda, na tarehe ambayo mzazi atapiga simu. Hakuna umri uliothibitishwa, hakuna barua ya utambulisho. Wakata tiketi wa stendi za Mafinga, Makambako na Njombe mjini wakizoea kuuliza barua hiyo, dalali wa mabasi ya alfajiri atapata tabu.

Wanaookolewa wanarudishwaje? Mara nyingi kwa tiketi ya basi. Binti anashuka Makambako na begi lake, anafika nyumbani kule kule kwenye shida iliyomtoa, na kabla ya miezi mitatu yuko kwenye nyumba nyingine. Utaratibu unaofaa ni afisa wa huko aliko ampigie afisa wa alikotoka kabla ya safari, nyumba ikaguliwe, asindikizwe, nafasi ya shule au ufundi iwe imepatikana, kisha zile ziara nne. Akiwa na mimba au mtoto mchanga, uamuzi wa serikali wa Novemba 2021 unamruhusu kurudi shule, ila uamuzi haumbebi mtoto mgongoni. Bibi wa kumshika mtoto akiwepo na uji wake ukiwepo, binti anabaki darasani.

Lipo pia swali la usiku. Mtoto wa miaka tisa akikutwa stendi saa tatu usiku, atalala wapi? Jibu la kweli kwa wilaya nyingi ni kaunta ya polisi au sebule ya mtumishi. Utaratibu wa walezi wa kuaminika upo, na ni mzuri kuliko kukimbilia makao ya watoto: familia iliyochunguzwa, iliyofundishwa, inayompokea mtoto kwa muda wakati ndugu wanatafutwa. Familia hizi hujitolea, lakini si haki kumkabidhi mkulima mtoto wa pili na wa tatu bila godoro, blanketi wala unga. Sh. 5,000 kwa siku kwa siku 14 ni sh. 70,000. Watoto 50 kwa mwaka ni milioni 3.5.

Mbeya ina Shule ya Maadilisho ya Irambo, ya kurekebisha watoto waliovunja sheria, pekee ya aina yake Tanzania Bara, pamoja na mahabusu ya watoto. Wanaokaa humo wengine wametoka mikoa ya mbali. Siku ya kutoka, afisa wa kwao anatakiwa awe ameshaandaa nyumba na kijiji, maana kijana anayerudi kwa watu wasiomtaka anarudi barabarani.

Nani atafanya ziara hizi? Halmashauri nyingi hazina afisa ustawi kwa kila kata, na hatuoni ajira hizo zikija zote mwaka mmoja. Kwa muda mrefu nyumba zimekuwa zikifikiwa na wahudumu wa kujitolea wa mashauri ya watoto, waliolipwa posho na miradi ya wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilionekana wazi ni sehemu gani ya kazi hii ilikuwa imesimama juu ya fedha ya watu wengine. Wale wahudumu bado wapo vijijini, wanazijua nyumba, wanawajua bibi wa Makete wanaolea wajukuu tangu miaka ambayo UKIMWI ulifagia wazazi wao. Msiwaache wapotee. Wapo pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, na maafisa maendeleo ya jamii wa kata. Hawa wote wanaweza kufanya ziara ya mwezi wa kwanza na wa tatu kwa fomu ya ukurasa mmoja. Wasichoweza kufanya ni kuamua mtoto aondolewe nyumbani au arudishwe. Hilo libaki kwa afisa ustawi, kwa saini yake. Mgawanyo huo uandikwe. Usipoandikwa, kila mmoja atadhani mwenzake amekwenda.

Wa kuuandika ni ninyi wawili, Wizara na TAMISEMI, kwa sababu afisa ustawi ana mabwana wawili. Tangu Januari 2022 sera iko kwenye wizara yenye jina la maendeleo ya jamii. Ajira iko TAMISEMI. Na ndani ya halmashauri meza yake iko kwenye divisheni ya afya, ustawi wa jamii na lishe. Divisheni ya afya ina wagonjwa, kwa hiyo asubuhi yote anapitisha misamaha ya gharama za matibabu dirishani. Tunaelewa kwa nini. Lakini mama mwenye jicho lililovimba anaeleza yaliyompata kwenye chumba chenye meza tatu, huku nyuma yake kuna foleni ya wazee wanaosubiri msamaha. Anaeleza nusu, anaondoka. Chumba kimoja chenye mlango, kabati moja lenye kufuli, na siku mbili kwa wiki ambazo afisa hashiki dirisha la misamaha: hayo hayahitaji Bunge.

Kwa fedha, pendekezo letu ni sh. 200 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 18, kutoka mapato ya ndani, kwenye kasma yenye jina lake. Halmashauri yenye watoto 100,000 inatenga milioni 20: milioni 12 za ziara kwa makadirio ya juu, milioni 4 za nauli za mashahidi, 3.5 za walezi wa kuaminika, na laki tano zinazobaki ni za mawasiliano na fomu. Isiunganishwe na kasma ya vikao. Wakurugenzi wanajua vizuri kinachotokea fedha ya mafuta inapokaa mfuko mmoja na fedha ya posho.

Na taarifa ya robo mwaka iongezewe safu moja. Mapendekezo ya bajeti yatakapofika Baraza la Madiwani, kabla ya kufungua kurasa za barabara na madarasa, mheshimiwa diwani mmoja amuulize mkuu wa divisheni: kati ya watoto waliofunguliwa mashauri Januari mwaka jana, wangapi walionekana kwa macho mwezi wa Julai, nani aliwaona, na wangapi hawajulikani walipo. Akijibu kwamba safu hiyo haipo, jibu hilo liingizwe kwenye muhtasari wa kikao na jina la aliyejibu.

Wenu katika utumishi,

Watumishi na wahudumu wa ustawi wa jamii, Mbeya, Iringa na Njombe